Kiambo na Mahame: Mvuto wa Maisha ya Shamba katika Historia ya Marekani

Wanafunzi wetu wa somo la tafsiri wakikutana na matini ya Kimarekani kuhusu watu wanaouacha mji na kwenda kujitegemea shambani, kwa kawaida huandika "shamba" au "makazi", kisha wakaendelea. Maneno hayo si mabaya, ila yanaacha nje historia ndefu. Mimi napendekeza neno la zamani kidogo, kiambo: mahali ambapo jamaa wamejenga, wanalima, wanafuga, na wanapaita kwao. Tutaona kwamba neno hilo halikai peke yake.

Mnamo tarehe 20 Mei 1862, Rais Abraham Lincoln alitia saini Sheria ya Homestead. Mkuu wa kaya, au mtu yeyote aliyetimiza miaka 21, aliweza kuomba ekari 160 za ardhi ya serikali, ili mradi awe raia au ametangaza nia ya kuwa raia, na awe hajaishikia silaha serikali hiyo. Alitakiwa kujenga nyumba, kulima na kukaa hapo miaka 5. Kisha ardhi ikawa yake kwa ada ndogo tu. Wanawake wasio na waume waliruhusiwa pia. Watu weusi waliotoka utumwani walianzisha mji wa Nicodemus, Kansas, mwaka 1877. Kwa mtu aliyezaliwa akilima shamba la bwana, na kwa mkulima wa Norway asiye na urithi, mvuto wa ahadi hiyo hauhitaji maelezo. Hawakuwa wakitafuta maisha rahisi. Walitaka mahali ambapo hakuna wa kuwafukuza.

Uwandani hapakuwa na miti, basi walikata udongo wenye mizizi ya nyasi, wakaupanga kama matofali. Mvua ikinyesha, paa lilivuja matope. Kuni zilikuwa mavi makavu ya nyati na ng'ombe. Mwaka 1874 nzige walikula mazao ya sehemu kubwa ya uwanda huo. Aidha, ekari 160 zilitosha penye mvua, lakini upande wa magharibi palikuwa pakavu. John Wesley Powell, katika ripoti yake ya mwaka 1878, alishauri kwamba shamba la malisho katika nchi kame liwe na ekari 2,560. Ushauri wake haukufuatwa. Watu wapatao milioni 1.6 hatimaye walipata hati. Wengine wengi waliondoka kabla ya miaka 5 kutimia, wakaacha nyuma yao mahame, yaani mahali palipohamwa.

Lakini mahame ya kwanza hayakuwa yao. Agosti 1862, miezi mitatu baada ya saini ya Lincoln, vita vilizuka Minnesota kati ya Wadakota na walowezi. Wadakota walikuwa wamekwisha kupoteza sehemu kubwa ya ardhi yao kwa mikataba, na malipo waliyoahidiwa yalichelewa huku watu wana njaa. Tarehe 26 Desemba, wanaume 38 wa Kidakota walinyongwa pamoja katika mji wa Mankato. Sheria ya Homestead ilianza kutumika siku sita baadaye, tarehe 1 Januari 1863, na mwaka huohuo Bunge la Marekani liliamuru Wadakota waondolewe Minnesota. Mfasiri akiandika kwamba walowezi "walikwenda kwenye pori tupu", ameshachukua upande bila kujua.

Mvuto wa pili ulikuja kwa watu wa aina nyingine kabisa. Scott Nearing, mwanauchumi aliyefukuzwa Chuo Kikuu cha Pennsylvania mwaka 1915, alihama New York mwaka 1932 pamoja na Helen, ambaye baadaye alikuwa mkewe, wakaenda Vermont. Walijenga nyumba za mawe kwa mikono yao, wakala mboga walizopanda, wakauza sukari na asali ya mti wa maple. Siku waliigawa: saa nne za kazi ya mkate, saa nne za kusoma, kuandika au muziki. Kitabu chao, Living the Good Life, kilitoka mwaka 1954 bila kishindo. Kilipochapishwa upya mwaka 1970, wakati wa Vita vya Vietnam, vijana kwa maelfu walikwenda kuwatazama huko Maine, walikokuwa wamehamia mwaka 1952.

Nawaheshimu wazee hao. Scott alifariki mwaka 1983 akiwa na miaka 100. Hata hivyo, wao walichagua kupunguza mahitaji yao, na walikuwa na elimu na kalamu za kuwapatia njia nyingine shamba likiwashinda. Mjane wa Nebraska hakuwa nazo. Mwanafunzi wa Kampala anayekwenda kijijini Krismasi ataielewa tofauti hii upesi: yeye anakwenda kwao, haendi kujaribu maisha ya shamba.

Sheria ya Homestead ilifutwa mwaka 1976, isipokuwa Alaska, ilikoendelea hadi 1986. Hati ya mwisho ilitolewa mwaka 1988 kwa askari wa zamani wa Vita vya Vietnam: ekari 80 kando ya Mto Stony, Alaska.