Viumbe pori wa Lokandu

Lokandu ni mji mdogo kando ya mto Lualaba, katika mkoa wa Maniema, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Ukitoka Kindu, makao makuu ya mkoa, unashuka na maji kuelekea kaskazini kwenye njia ya Ubundu. Zama za misafara ya Waarabu na Waswahili mahali hapa palijulikana kwa jina la Riba Riba, na Kiswahili kilichofika wakati ule kinasemwa hadi leo sokoni na kwenye mitumbwi. Msitu wa mvua umezunguka pande zote. Makala hii inahusu viumbe wa msitu huo na wa mto wenyewe, na namna ya kuwaangalia.

Jambo la kwanza la kujua ni umesimama ukingo gani. Lualaba, ambao mbele ya Kisangani huitwa mto Kongo, ni mpana mno kwa nyani na kima kuuvuka, kwa hiyo wanyama wa ng'ambo moja wamekaa mbali na wenzao wa ng'ambo ya pili kwa muda mrefu sana. Sokwe mtu huishi ukingo wa kulia. Bonobo, ndugu yake wa karibu kabisa, huishi ukingo wa kushoto tu, wala hapatikani nchi nyingine yoyote duniani. Kati ya Lualaba na Lomami, mto unaokwenda sambamba nao upande wa magharibi, yuko mbega mwekundu wa Lomami (Piliocolobus parmentieri), aliyeelezwa na wataalamu mwaka 1987 na asiyeonekana nje ya kabari hiyo ya ardhi. Kusema tu kwamba mbega mwekundu ameonekana Maniema hakumsaidii mtafiti. Atauliza mara moja, ukingo gani?

Mfano ulio wazi kuliko yote ni lesula (Cercopithecus lomamiensis). Mwezi Juni 2007 watafiti waliokuwa wakipima misitu ya Lomami walimkuta kima mchanga wa kike akifugwa nyumbani kwa mkuu wa shule ya msingi huko Opala, mkoa jirani wa Tshopo. Wenyeji walimfahamu siku zote na jina lake walikuwa nalo. Sayansi ndiyo iliyokuwa haijamwandika. Baada ya uchunguzi wa miaka kadhaa, John Hart na wenzake walimtangaza Septemba 2012 kuwa spishi mpya. Afrika haikuwa imepata kima mpya tangu kipunji wa nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, aliyetangazwa mwaka 2005. Uso wa lesula hauna manyoya, macho yake ni makubwa na ya rangi ya kahawia, na shingoni ana manyoya marefu ya rangi ya mchanga. Dume ana ngozi ya buluu matakoni. Jamaa yake wa karibu, kima uso-bundi (Cercopithecus hamlyni), yuko mashariki ya Lualaba. Mito miwili, Lomami na Lualaba, imewatenga.

Okapi hafuati kanuni hiyo. Wengi wako kaskazini-mashariki, hasa Ituri, lakini kundi dogo lipo pia ng'ambo ya kushoto, katika misitu ya Lomami. Huko ndiko ilikoanzishwa Hifadhi ya Taifa ya Lomami mwaka 2016, yenye eneo la zaidi ya kilomita za mraba 8,800 katika mikoa ya Tshopo na Maniema. Humo wamo pia tembo wa msituni na tausi wa Kongo, ndege ambaye James Chapin alimtambulisha kwa sayansi mwaka 1936.

Katika msitu kama huu mtu husikia kabla ya kuona. Lesula dume hutoa mngurumo mzito alfajiri, na mara nyingi ndiyo dalili pekee kwamba yupo, kwa kuwa ni mwenye haya na hupenda kutembea chini, akila majani na mashina laini. Mwangalizi mwema hutoka kabla ya jua, huketi na kunyamaza. Mwenyeji anayejua njia za wanyama ana thamani kuliko darubini ya bei kubwa.

Uyoga nao unataka macho yanayotazama chini. Miezi ya Juni hadi Agosti mvua hupungua. Zikirudi kwa nguvu, uyoga wa mchwa (jenasi Termitomyces) hutokeza juu na kando ya vichuguu. Usiung'oe kwa haraka. Fukua udongo polepole kuzunguka shina, utaona linaendelea chini kama mzizi mrefu mweupe, hadi kwenye sega ambalo mchwa wamelitengeneza kwa mabaki ya mimea waliyoila. Mchwa hulisha uyoga, uyoga huwasagia mchwa chakula wasichoweza kukimeng'enya peke yao. Chini ya mti wa limbali (Gilbertiodendron dewevrei), ambao huweza kutawala msitu karibu peke yake, hutokea uyoga wa aina nyingine, ulioshikana na mizizi ya mti huo. Huo usiufananishe na wa vichuguu, na usiojulikana na wazee wa kijiji usiliwe kamwe.

Kuhusu samaki, Maniema ina bahati ambayo sehemu nyingi za Kongo hazina. Mtafiti Mjapani Yuji Ankei aliishi na Wasongola wa mto Lualaba, wavuvi na wakulima, akaandika ujuzi wao wa samaki katika kitabu kilichotoka mwaka 1989, akiulinganisha na ule wa wavuvi wa Ziwa Tanganyika. Mwaka uliofuata mtafiti Takako Ankei alichapisha kitabu kuhusu mapishi ya Wasongola. Kazi hizo mbili zinaonyesha kwamba anayevua na anayepika hutofautisha viumbe kwa makini kama mwanasayansi, kwa alama zake mwenyewe. Ni hasara kubwa kwamba hazisomwi shuleni Kindu kwa Kiswahili.

Kasuku wa kijivu bado huonekana wakipita juu ya mto asubuhi na jioni. Kwa miaka mingi walinaswa kwa wingi Maniema na kusafirishwa nje wakiwa hai, na wengi walikufa njiani. Mwaka 2016 nchi wanachama wa CITES, mkataba wa biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea iliyo hatarini, ziliamua kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya kasuku wa kijivu wa porini. Ukiuziwa kasuku kwenye kikapu bandarini, usinunue, hata kwa kumhurumia: pesa yako ndiyo itakayomrudisha mtegaji msituni.