Wino Huenda Wapi? Historia ya Kusafisha Vifaa vya Kuchapa Fulana Kabalagala

Historia ya uchapishaji nchini Uganda husimuliwa kwa kutaja vitu vilivyochapishwa. Husimuliwa habari za mashine ndogo ya mmisionari Alexander Mackay, aliyefika Buganda mwaka 1878, kisha magazeti, vitabu vya shule, mabango ya uchaguzi na fulana za vyama. Ni nadra kusimuliwa kwa kutaja kilichofutwa. Hata hivyo, katika karakana ya kuchapa fulana kila kazi huishia kwenye kufuta: wino hukwanguliwa, wavu huoshwa, mpira hupanguswa, na kesho yake fremu ileile huanza kazi nyingine. Insha hii inaeleza kwamba historia ya kufuta huko ndiyo inayoonyesha gharama ya kazi yenyewe na nani aliyeilipa. Kila wino mpya ulileta njia yake ya kusafishia vifaa, na kila njia ilihamisha madhara kutoka mahali pamoja hadi pengine.

Kabalagala ipo katika Divisheni ya Makindye, kusini-mashariki mwa katikati ya jiji la Kampala, pale barabara ya kwenda Ggaba inapokutana na ile ya kupanda Muyenga. Watu wengi wanaijua kwa baa na muziki wa usiku, na jina lake ni jina pia la vitumbua vya ndizi vinavyouzwa kote nchini. Kitovu cha uchapishaji cha Kampala ni Barabara ya Nasser, lakini kuchapa fulana hakuhitaji mtambo mkubwa. Meza, fremu ya mbao iliyotandazwa wavu, kopo la wino na chumba kimoja vinatosha kumwanzishia fundi biashara. Kwa sababu hiyo kazi hii imeenea mitaani, na uoshaji wa vifaa nao umeenea pamoja nayo.

Chombo kikuu ni skwiji, yaani kibao chenye ukingo wa mpira. Fundi humimina wino juu ya wavu, kisha huuvuta kwa skwiji. Wino hupenya penye picha na kuzuiwa pasipo na picha. Ukingo ule ukiwa na mabaki makavu, huacha mistari kwenye kila fulana. Ukiwa umevimba au kulika, maandishi hupoteza ukali. Usafi wa skwiji, basi, ni sehemu ya uchapaji wenyewe.

Asili ya kazi hii iko mbali na Uganda. Wajapani walichapa vitambaa kwa violezo vya karatasi ngumu vilivyoshikiliwa na nyuzi nyembamba, wakipaka uji wa mchele kuzuia rangi. Uji ule huyeyuka kwa maji, kwa hiyo vitambaa vilioshwa mtoni. Desturi hiyo ilikuwa maarufu katika mto Kamo huko Kyoto, mpaka ilipokomeshwa kwa sababu ya uchafuzi wa maji. Mwaka 1907 Samuel Simon wa Manchester, Uingereza, alipata hataza ya kuchapa kwa kiolezo kilichobebwa na hariri. Yeye alisukuma rangi kwa brashi ngumu; kibao cha mpira kilikuja kushika nafasi hiyo baadaye. Hariri nayo iliachia nafasi nailoni na poliesta, nyuzi zinazovumilia kusuguliwa na kuoshwa mara nyingi zaidi. Hapo ndipo fremu moja ilipoweza kufanya kazi nyingi, na kuosha kukawa njia ya kuokoa fedha.

Wino wa kwanza kutumiwa sana ulikuwa wa mafuta. Wino huo hausikii maji. Huhitaji petroli, mafuta ya taa au thina. Kwa karakana ndogo za Afrika Mashariki jambo hili lilikuwa jepesi, kwani petroli inapatikana kila penye kituo cha magari na haihitaji kuagizwa kutoka nje kwa jina la dawa ya kusafishia. Fundi alichovya tambara, akafuta skwiji, akafuta kisu cha kukorogea wino, mwisho akanawa mikono kwa petroli ileile.

Tatizo lilikuwa ndani ya petroli. Kwa miongo mingi ilitiwa kiungo cha risasi, madini yanayodhuru ubongo na mishipa ya fahamu, na kiungo hicho kinaweza kupenya ngozi nzima isiyo na kidonda. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana huko Dakar mwaka 2001 kuachana nayo, na kufikia mwanzo wa mwaka 2006 karibu zote zilikuwa zimefanya hivyo. Mjadala ule ulihusu moshi wa magari na watoto wa mijini. Mtu aliyenawa petroli kila jioni hakuwa katikati ya mjadala, ingawa alinufaika na uamuzi wake. Hata petroli isiyo na risasi bado ina benzini, inayojulikana kusababisha saratani ya damu. Isitoshe, petroli huvimbisha mpira wa kawaida. Kwa hiyo kisafishio hicho cha bei nafuu kilikula pande mbili, mkono wa fundi na chombo chake.

Wino wa plastisoli ulileta ahueni ya aina yake. Huu ni wino wa plastiki laini usiokauka mpaka upashwe joto la nyuzi 150 hadi 160 hivi za Selsiasi. Fundi anaweza kwenda kula na kurudi akakuta skwiji bado imelowa. Lakini joto hilo linadai umeme wa uhakika, na miaka ya 2005 na 2006 ilikuwa ya mgao mkali wa umeme nchini Uganda, kina cha Ziwa Viktoria kiliposhuka. Wino wa maji, kwa upande mwingine, hukauka kwa hewa na huoshwa kwa maji bila petroli. Sharti lake ni haraka. Ukichelewa dakika chache kwenye jua la mchana, huziba matundu ya wavu na kung'ang'ania mpira. Kwa hiyo anayetumia wino wa maji lazima awe na maji karibu, na katika mtaa ambao maji hununuliwa kwa dumu, kila suuzo lina bei.

Miaka hiyohiyo kazi iliongezeka. Kura ya maoni ya Julai 2005 ilirudisha mfumo wa vyama vingi, na uchaguzi wa Februari 2006 ukawa wa kwanza wa vyama vingi tangu ule wa 1980. Siasa za Uganda zikavaa rangi waziwazi: njano ya NRM, buluu ya FDC, kijani ya DP, na baadaye nyekundu ya People Power na NUP. Hapa usafi wa skwiji ulipata uzito mpya. Buluu kidogo ikibaki kwenye ukingo wa mpira, njano ya kazi inayofuata huelekea kijani. Nyekundu ikibaki, njano hugeuka machungwa. Mteja wa kawaida angelalamikia rangi iliyochafuka, lakini mteja wa kampeni angeona rangi ya mpinzani kifuani mwake. Karakana inayohudumia pande zote ililazimika kuosha vizuri zaidi kuliko wakati wowote, na wakati huohuo kuosha upesi.

Nani aliosha? Katika ufundi mwingi wa mitaa yetu, mwanagenzi huanzia kwenye usafi. Hapewi kuvuta wino mpaka ajue kuufuta. Kuna hekima katika utaratibu huo, kwa kuwa anayeosha skwiji hujifunza kwa vidole namna ukingo mzuri unavyokuwa. Lakini maana yake ni kwamba aliye mdogo kwa umri na kwa malipo ndiye anayegusa sumu nyingi zaidi. Pamoja na wino yupo adui mwingine, yaani chumvi za dikromati zilizotumika kuifanya dawa ya kuchorea picha isikie mwanga. Chumvi hizo zina kromiamu ya aina inayochoma ngozi na kuweza kuleta saratani. Sheria ya Uganda ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri amlinde mfanyakazi dhidi ya hatari kama hizo. Glavu na dirisha lililo wazi ni vitu vidogo, ila ndivyo vinavyotenganisha mafunzo na madhara.

Linabaki swali la mwisho: maji machafu yaliishia wapi? Kabalagala ipo kwenye mteremko. Maji ya mitaro ya upande huu hushuka kuelekea bonde la Kansanga na hatimaye Ghuba ya Murchison katika Ziwa Viktoria. Kwenye ghuba hiyohiyo, huko Ggaba, Kampala huchota maji yake ya kunywa. Mitambo ya Ggaba iliongezwa mwaka 1992 na tena 2007 kwa sababu jiji lilikuwa likikua. Wino wa karakana moja ni tone tu ukilinganisha na taka za viwanda na vyoo. Lakini hali hiyo haimwondolei mtu wajibu. Wino wa maji ulimwondolea fundi petroli mikononi, kisha ukahamishia rangi na plastiki yake mtaroni. Mji wa Kyoto ulijifunza jambo hili kwa mto wake.

Dawa yake si ghali. Kwanza, wino wote unaoweza kukwanguliwa urudishwe koponi, maana huo ni mali na kila kijiko kinachorudi hakihitaji kuoshwa. Pili, chombo kifutwe kwa tambara kavu kabla ya kiowevu chochote. Tatu, yakibaki mabaki, yaoshwe ndani ya beseni, si chini ya bomba, na maji yaachwe mpaka tope la rangi litulie chini. Mafundi wengi hufuata hatua ya kwanza tayari kwa ajili ya kubana matumizi. Hatua mbili zilizobaki ni mwendelezo wa busara ileile.

Kwa kuhitimisha, wavu uliooshwa mara nyingi hubaki na kivuli cha picha za zamani, ambacho hakitoki hata kwa kusugua. Mwanahistoria akikiinulia mwangani anaweza kusoma kampeni, arusi na mashindano ya mpira yaliyopita. Hizo ni kumbukumbu nzuri za wateja. Kumbukumbu za waliowaosha ziko kwingine, kwenye ngozi za vidole vyao na kwenye tope la mtaro, nazo pia zinastahili kuandikwa katika historia ya uchapishaji wa Kampala.