Mpiga Gitaa wa Bunkeya na Jirani Zake wa Mbali



Husikika mara nyingi kati yetu kwamba gitaa ni chombo cha kigeni, na kwamba kijana anayelipenda amewapa kisogo wazee wake. Maisha ya mpiga gitaa mmoja aliyeimba kwa Kiswahili yatusaidia kulipima neno hilo kwa haki.

Mwenda Jean Bosco alizaliwa mwaka 1930 huko Bunkeya, Katanga, katika Kongo ya Ubelgiji ya wakati ule. Bunkeya ulikuwa mji wa Msiri, mtawala mwenye asili ya Unyamwezi, katika Tanzania ya leo, aliyeuawa mwaka 1891. Watu wake waliitwa Bayeke. Kiswahili nacho kilifika huko kwa misafara ya biashara, kisha kikaenea katika miji ya migodi ya shaba. Jina la Bosco latukumbusha Mtakatifu Yohane Bosco wa Torino, mlezi wa vijana maskini, ambaye watawa wake Wasalesiani waliingia Katanga mwaka 1911. Tazameni jinsi Unyamwezi, Kongo na Italia zilivyokutana katika mtu mmoja!

Mwaka 1952 Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, alimkuta kijana huyo Jadotville, mji uitwao leo Likasi, akazirekodi nyimbo zake. Mmojawapo, “Masanga”, ulimpatia sifa hata nje ya Afrika. Mwenda alipiga gitaa kavu kwa vidole viwili tu: kidole gumba kikishika sauti nzito, na kile cha shahada kikichezea sauti nyembamba juu yake. Asikilizaye hudhani wapigaji ni wawili.

Sasa twende Marekani. Huko Kentucky, Merle Travis (1917–1983), bingwa wa muziki wa kantri, yaani muziki wa watu wa mashambani, naye alipiga kwa gumba na kidole cha shahada. Mtindo wake ulimfikia Scotty Moore, aliyempigia gitaa Elvis Presley mwaka 1954, muziki wa roki ulipokuwa ukizaliwa. Mwenda na Travis hawakuwa na mwalimu mmoja, lakini mikono yao ilifuata njia moja.

Wala kantri haikuwa ngeni Afrika Mashariki. Santuri za Jimmie Rodgers, aliyefariki mwaka 1933 kwa kifua kikuu, zilifika hata kwa Wakipsigis wa Kenya. Mwaka 1950 Tracey alirekodi huko wasichana wakimwimba “Chemirocha”: ndilo jina la Rodgers katika matamshi yao. Walimwona kuwa nusu mtu, nusu mnyama wa porini. Hawakumwiga, walimpokea, wakamvika mavazi ya hadithi zao.

Naye Rodgers alikuwa amepokea. Alijifunza mengi kwa vibarua weusi wa reli, na mwaka 1930 alirekodi pamoja na Louis Armstrong, mpiga tarumbeta mweusi. Banjo yenyewe, inayohesabiwa kuwa chombo cha kantri, chimbuko lake ni vyombo vya watumwa waliotolewa Afrika. Je, nani basi amwite mwenzake mwizi?

Mwaka 1969 Mwenda alialikwa kwenye tamasha la Newport, Marekani, ambako mwaka huohuo waliimba pia Johnny Cash na ndugu wawili Everly, watoto wa kantri. Hakwenda kama mwanafunzi. Alikwenda na Kiswahili chake na vidole vyake viwili. Alifariki kwa ajali ya gari mwaka 1990.

Ndugu zangu wa Kinjumbi, wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Chombo hakimnyang’anyi mtu asili yake. Uvivu wa kuiga ndio umnyang’anyao. Mzazi anayevunja gitaa la mwanawe huenda anavunja mdomo ambao ungesimulia habari za kwao. Na kijana anayerudia tu nyimbo za wengine bado hajakilipia kile alichoazima. Tumwulize kila mmoja wao, hasa anayetaka kupiga kanisani: umeongeza nini cha kwenu?

Nawatakieni Dominika njema.