Mkopo wa nyumba: Mnunuzi amfichulie nini wakala wa muuzaji?

Anayetafuta nyumba au ploti huko Shirere, wadi iliyo katika eneo bunge la Lurambi mjini Kakamega, huulizwa swali moja mapema, wakati mwingine hata kabla ya kuonyeshwa jikoni: je, fedha zi tayari? Ikiwa jibu ni kwamba benki ndiyo itakayolipa, wakala wa muuzaji huomba kuona barua ya benki. Ombi hilo ni la haki. Hata hivyo, barua hiyo huwa na mambo mengi kuliko yale ambayo wakala anahitaji kujua, na mnunuzi anayeikabidhi yote bila kufikiri huenda akajikuta akilipa zaidi kwa miaka 15 au 20.

Barua inayozungumziwa hapa ni ile ya kibali cha awali cha mkopo. Benki huitoa baada ya kupima mapato ya mwombaji, madeni aliyo nayo na rekodi yake katika mashirika ya kukusanya habari za wakopaji, ambayo yalianza kupewa leseni na Benki Kuu ya Kenya mnamo 2010. Kwa mwajiriwa, kipimo kimoja kimewekwa na sheria yenyewe: Sheria ya Ajira ya 2007 hairuhusu makato yapite thuluthi mbili za mshahara. Kutokana na hesabu hizo benki hutaja kiwango cha juu kabisa inachoweza kumkopesha mtu huyo.

Ikumbukwe kwamba barua hiyo humhusu mnunuzi na wala si nyumba. Benki bado haijamtuma mthamini wala haijakagua hati miliki. Barua ya mkopo wenyewe, yenye masharti kamili, hufuata baadaye, na mwombaji aliyepata kibali cha awali anaweza kunyimwa mkopo ikiwa hati ina kasoro au nyumba imethaminiwa chini ya bei iliyokubaliwa.

Wakala naye ana sababu za kuwa na shaka. Mikopo ya nyumba si mingi nchini. Takwimu za Benki Kuu zilionyesha kuwa mwishoni mwa 2023 ilikuwa takribani 30,000 tu katika nchi nzima. Wenyeji wengi hununua kwa akiba, kwa mkopo wa chama cha akiba na mikopo, au kwa fedha zinazotumwa na jamaa walio ng'ambo. Muuzaji aliyezoea mnunuzi wa fedha taslimu huingiwa na wasiwasi anapoelezwa jinsi benki inavyolipa: wakili wake atatoa hati miliki halisi, umiliki uhamishwe, rehani ya benki isajiliwe, na ndipo fedha zitolewe. Katika kipindi hicho kinga yake kubwa ni ahadi ya kitaaluma iliyoandikwa na wakili wa benki. Mtu hawezi kulaumiwa kwa kutaka uhakika kwamba anayemngoja si mtazamaji tu.

Tatizo ni kwamba wakala huyo si wa pande zote mbili. Ameajiriwa na muuzaji, atalipwa na muuzaji, na kwa mujibu wa kanuni za uwakala anawajibika kumweleza muuzaji jambo lolote muhimu analolijua kuhusu mauzo hayo. Akisoma kwamba benki imeidhinisha Sh4.4 milioni, hana ruhusa ya kuifanya siri. Anaweza kuwa mkarimu, hata akawa rafiki wa familia ya mnunuzi. Wajibu wake haubadiliki.

Chukulia mfano wa kubuni wa mwalimu aliyeidhinishiwa Sh4.4 milioni, naye anataka kutoa Sh3.9 milioni kwa nyumba ya vyumba vitatu. Kabla ya barua kuonekana, mazungumzo yanahusu thamani ya nyumba: paa, maji, ukubwa wa ploti, umbali kutoka barabara ya lami. Baada ya barua kuonekana, mazungumzo yanahusu uwezo wa mwalimu. Iwapo bei itapanda hadi kiwango cha barua, nyongeza hiyo ya Sh500,000, ikikopwa kwa miaka 15 kwa riba ya asilimia 13, itamgharimu takribani Sh6,330 kila mwezi. Kufikia mwisho wa mkopo atakuwa ameilipia zaidi ya Sh1.1 milioni.

Katika mfano huo huo, wakala anayelipwa asilimia tatu angepata Sh117,000 kwa bei ya chini na Sh132,000 kwa bei ya juu. Tofauti ni Sh15,000 tu. Ni dhahiri basi kwamba kinachomfaa zaidi wakala mwenyewe ni mauzo yakamilike, wala si bei ipande hadi kikomo. Mnunuzi mwerevu huanzia hapo: humpa wakala uhakika anaouhitaji na kukizuia kile kiwango.

Njia rahisi ni kuiomba benki iandike barua ya pili inayotaja kiasi kinacholingana na bei ambayo mnunuzi anakusudia kutoa, au inayosema tu kwamba mteja amepimwa na anastahili mkopo wa kununua nyumba kwa bei hiyo. Nchini Marekani, ambako barua kama hiyo huambatanishwa na karibu kila ombi la kununua kwa mkopo, ni jambo la kawaida benki kuandika barua mpya kwa kila nyumba. Nchini Uingereza pia mawakala huulizia kibali cha awali kabla ya kupeleka ombi kwa muuzaji. Benki ikikataa kuandika barua ya namna hiyo, wakili wa mnunuzi anaweza kuandika kwamba ameiona barua ya benki na kwamba inatosha kwa bei iliyotajwa. Kwa muuzaji mwenye busara hilo latosha.

Kuna mawakala ambao hawaridhiki na barua, bali huomba pia stakabadhi za mshahara, taarifa za akaunti na nakala ya kitambulisho. Hapo mnunuzi ana haki ya kukataa. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka anayekusanya habari za mtu achukue zile tu zinazohitajika kwa kazi iliyotajwa, na amweleze mwenyewe zitatumiwa vipi. Anayeona amekiukiwa haki hiyo anaweza kulalamika kwa Kamishna wa Data. Benki nayo inabanwa na wajibu wa kutunza siri za mteja, kanuni iliyoimarishwa na mahakama ya Uingereza katika kesi ya Tournier ya 1924 na ambayo hufuatwa hata nchini. Wakala akipiga simu benki, hastahili kuambiwa lolote bila idhini ya mteja. Ni vyema mteja aandike mapema kwamba anaruhusu jambo moja tu lithibitishwe, yaani kwamba barua ni halali.

Uwazi hauna budi kutoka pande zote mbili. Kabla ya kuonyesha barua yoyote, mnunuzi aulize kama wakala amesajiliwa chini ya Sheria ya Mawakala wa Nyumba na Ardhi, Sura ya 533, kisha aombe nakala ya hati miliki na kwenda kukagua rekodi katika ofisi ya msajili wa ardhi. Katika maeneo ya pembeni mwa miji, ambako mashamba ya ukoo yamegawanywa kuwa ploti, si ajabu kukuta hati ingali kwa jina la baba aliyefariki na urithi haujagawanywa kisheria. Benki haitatoa mkopo kwa hati kama hiyo, hata barua ya mnunuzi iwe nzuri namna gani. Aidha, ikiwa nyumba hiyo ni makao ya wanandoa, idhini ya mke au mume wa muuzaji inahitajika.

Barua kamili ya benki, pamoja na kiwango chake, mahali pake ni kwa wakili wa mnunuzi. Yeye ndiye atakayeitumia kuandaa mkataba wa mauzo, ambao kisheria lazima uwe wa maandishi na utiwe sahihi mbele ya shahidi. Ni desturi kulipa asilimia 10 ya bei wakati huo na kukamilisha mauzo katika siku 90. Hapa ndipo wanunuzi wengi huumia, kwa kudhani kwamba kibali cha awali ni ahadi ya benki. Mkataba usipokuwa na kifungu kinachosema kwamba malipo hayo yatarejeshwa benki ikikataa kutoa mkopo, mwalimu wa mfano wetu anaweza kupoteza Sh390,000 bila kupata hata ufunguo. Fedha hizo zishikwe na wakili kwa niaba ya pande zote mbili, wala zisitiwe mkononi mwa wakala.

Zipo pia gharama ambazo kwa kawaida mnunuzi hujilipia mwenyewe: ada ya wakili, ada ya mthamini, na ushuru wa stempu, ambao ni asilimia 4 ya thamani kwa ardhi iliyo ndani ya manispaa na asilimia 2 kwa ile ya mashambani. Kwa nyumba ya Sh4.4 milioni mjini, ushuru huo pekee ni Sh176,000. Mnunuzi aliyesukumwa hadi kikomo cha barua yake hulazimika kuutafuta kwingine, mara nyingi kwa mkopo wa pili, ambao nao huongeza makato yale yale ambayo benki ilikuwa imeyapima.

Jambo la mwisho la kuangaliwa ni tarehe. Kibali cha awali huwa na muda wake, na mazungumzo yakirefuka benki hudai stakabadhi mpya za mshahara kabla ya kukihuisha. Anayerudi benki kwa sababu hiyo aombe wakati huo huo barua yenye bei mpya iliyofikiwa, na ile ya zamani, ikiwa ilikabidhiwa kwa wakala, airudishiwe.