Uzazi Mgumu na Mtoto Anayechelewa: Nani Alaumiwe?

Kwetu Uganda, mtoto akitimiza mwaka bila kuweza kukaa, maswali huelekezwa kwa mama yake. Alikula nini akiwa mjamzito? Alishindwa kusukuma? Alimkosea nani? Mkunga naye hasalimiki. Insha hii inaonyesha kwamba uhusiano kati ya uzazi mgumu na kuchelewa kwa mtoto umebishaniwa kwa zaidi ya karne moja, na kwamba historia ya ubishi huo haituruhusu kumlaumu mtu kwa haraka.

Tuanze nyumbani. Mwaka 1879 mmisionari Robert Felkin alishuhudia upasuaji wa kujifungua mahali alipopaita Kahura, Bunyoro. Taarifa yake, iliyochapishwa Edinburgh mwaka 1884, inaeleza kwamba mama alipewa pombe ya ndizi, mpasuaji akanawa mikono kwa pombe hiyo, damu ikazuiwa kwa chuma cha moto, na tumbo likafungwa kwa vyuma vyembamba. Siku ya 11 kidonda kilikuwa kimepona. Wanahistoria huitumia taarifa hii kuonyesha ustadi wa waganga wa Bunyoro kabla ya ukoloni, na wana haki. Lakini kuhusu mtoto tunaambiwa machache: alikuwa na jeraha dogo begani, nalo likapona. Kama baadaye alikaa, alitembea na kusema kwa wakati wake, hatuambiwi. Kwa mwandishi, kunusurika ndiko kulikuwa mwisho wa habari.

Aliyevuka mpaka huo ni William John Little, daktari wa London ambaye yeye mwenyewe alikuwa na mguu wenye kasoro. Mwaka 1861 aliwaeleza madaktari wenzake wa uzazi kwamba watoto wengi aliowatibu kwa viungo kukakamaa walizaliwa njiti, au baada ya uchungu wa muda mrefu, au walichelewa kuvuta pumzi. Hali hiyo, ambayo leo huitwa mtindio wa ubongo, ilijulikana kwa miaka mingi kama ugonjwa wa Little.

Mwaka 1897 Sigmund Freud, ambaye wakati huo alijulikana zaidi kama daktari wa mishipa ya fahamu, alitoa hoja tofauti. Alisema kwamba pengine uzazi mgumu si chanzo bali ni dalili: mtoto aliyekwisha kupata hitilafu tumboni ndiye anayezaliwa kwa shida. Hoja hiyo haikusikilizwa sana. Ndipo mwaka 1986 Karin Nelson na Jonas Ellenberg walipochapisha uchambuzi wa mimba zipatazo 54,000 nchini Marekani. Watoto wengi wenye mtindio wa ubongo hawakuwa wameonyesha dalili za kukosa hewa wakati wa kuzaliwa.

Je, Little alikosea? Sivyo. Takwimu hizo zilitoka katika hospitali za nchi tajiri. Mahali ambapo mama mwenye uchungu uliokwama husafirishwa kwa pikipiki hadi kituo kisicho na daktari wa upasuaji, mtoto kukosa hewa bado ni hatari kubwa inayoweza kuumiza ubongo. Isitoshe, homa ya manjano kali ya watoto wachanga au homa ya uti wa mgongo huweza kuleta madhara yanayofanana hata pale uzazi ulipokuwa mwepesi.

Kwa kuhitimisha, Little alitufundisha kumtazama mtoto baada ya siku ya kuzaliwa, na Freud alitufundisha kutodhani kwamba kinachotangulia lazima ndicho chanzo. Mafunzo yote mawili yanamhusu yule mama anayeulizwa alimkosea nani. Mara nyingi jibu la kweli ni kwamba hakumkosea mtu. Aliyekosa ni mtoto wake, aliyekosa huduma wakati wa kuzaliwa, au ufuatiliaji baada ya hapo. Taarifa ya Kahura iliishia siku ya 11. Zetu zisiishie hapo.