Nani Ataianika?

Fumua mshono wa chupi ya hedhi, ile inayovaliwa bila pedi kisha ikafuliwa na kuvaliwa tena, utakuta tabaka nne zilizolaliana. La kwanza, linalogusa ngozi, ni kitambaa chembamba kinachovuta unyevu upesi na kuupitisha chini ili mwenyewe asijisikie kulowa. Chini yake kuna tabaka nene kidogo la pamba, mianzi au nyuzi za viwandani. Hilo ndilo linalobeba mzigo. La tatu lina utando wa poliuretani usiopitisha maji. La mwisho ni kitambaa cha chupi ya kawaida, na anayeitazama kwa nje hajui kama ndani mna kingine. Chupi nyepesi hubeba kiasi cha kijiko kimoja cha chakula, nzito hubeba viwili au zaidi. Si haba, maana damu ya hedhi nzima, siku zote zikijumlishwa, kwa wanawake wengi haizidi mililita 80.

Ilipoingia madukani Ulaya na Amerika miaka ya 2010, ilitangazwa kama uvumbuzi mpya kabisa. Lakini nguo hii ina ukoo mrefu, uliopitia vita, viwanda vya karatasi, aibu za dukani na kijiji kimoja karibu na Masaka. Na katika ukoo wote huo wanawake walikuwa wakikimbia adha mbili: kuvuja, na kufua kwa kujificha. Ya kwanza mafundi waliitafutia dawa mapema. Ya pili ingali inasumbua.

Wanawake wa pwani ya Afrika Mashariki hawakuhitaji kuambiwa kwamba kitambaa hufuliwa kikatumika tena. Binti alipovunja ungo alikabidhiwa kwa kungwi au somo, naye akafundishwa namna ya kukunja kitambaa, kukifunga kwa kamba ya kiunoni, kujitawadha na kuhesabu siku zake. Kanga kuukuu ndiyo iliyopendwa, kwa sababu pamba iliyofuliwa mara nyingi hulainika na kunyonya vizuri kuliko mpya. Bi Kidude wa Unguja, ambaye ughaibuni alijulikana kwa sauti yake ya taarabu, nyumbani alijulikana vilevile kama mwongozaji wa unyago, na hedhi ilikuwa sehemu ya somo hilo.

Somo lilikuwa na sharti moja zito: kitambaa kisionekane. Kilifuliwa watu wakiwa wamelala, kikaanikwa chumbani, chini ya godoro, au kwenye kamba ya uani kikiwa kimefunikwa na kanga nyingine. Mbali na aibu, palikuwa na hofu kwamba mwenye nia mbaya akikiokota angeweza kumfunga msichana uzazi. Kwa hiyo binti alifundishwa karibu kila kitu isipokuwa kutumia jua, ambalo pwani ni la bure na ndilo linalokausha kitambaa barabara.

Ng'ambo mambo hayakuwa tofauti sana. Katika Uingereza na Marekani za karne ya 19, wanawake walitumia vitambaa vya pamba au flana, wakavifua na kuvificha vivyo hivyo. Nguo zao za ndani zilikuwa pana, nyingi zikiwa wazi katikati ya miguu, hivyo kitambaa hakikuwa na pa kushikilia ila kwenye mkanda wa kiunoni. Kamba ya pwani na mkanda wa London zilifanya kazi ileile. Mwaka 1896 kampuni ya Johnson & Johnson ilijaribu kuuza taulo za kutupa zilizoitwa Lister's Towels. Hazikushika soko. Ni nani angezitangaza gazetini, na ni mwanamke gani angeziulizia mbele ya muuzaji mwanamume?

Kilichouzika kiasi, kupitia katalogi za posta kama ya Sears, Roebuck, ni mpira. Palikuwa na aproni ya mpira ya kuvaliwa kwa nyuma, chini ya gauni, ili damu isifike kwenye nguo ya juu. Palikuwa pia na suruali fupi za ndani zilizotiwa mpira kwenye makalio. Hizo ndizo bibi wa chupi ya hedhi ya leo, ingawa wajukuu wangeona haya kuzitambulisha: mpira haupitishi hewa, unachemka, unanuka, na kwa mwanamke anayeshinda amekaa kiwandani siku ya joto, kuvuja kulikuwa afadhali kidogo.

Mapinduzi yakatokea kwenye karatasi. Mwaka 1914, kabla ya Vita Kuu ya Kwanza kuchachamaa, mkemia Ernst Mahler na James C. Kimberly wa kampuni ya Kimberly-Clark ya Wisconsin walizunguka viwanda vya karatasi vya Ulaya. Walirudi na wazo la kutengeneza pamba bandia kutokana na rojo la miti. Waliiita Cellucotton. Ilinyonya mara tano ya pamba ya kawaida, kwa bei iliyokaribia nusu, na Marekani ilipoingia vitani ikawa bandeji ya majeruhi. Manesi wa hospitali za vita waliiona, wakaitumia kwa hedhi zao, wakaitupa. Vita vilipokwisha, kampuni ilibaki na shehena ya bandeji isiyo na mgonjwa. Mwaka 1920 ikaziuza kwa jina la Kotex.

Bado palikuwa na ile shida ya kuomba dukani. Dawa iliyopatikana ilikuwa rahisi: maboksi yalipangwa juu ya kaunta, pembeni pakawekwa chombo cha kudondoshea pesa. Mteja alichukua, akalipa, akaondoka bila kusema neno. Inafaa kulitazama jambo hilo kwa makini, kwa sababu kilichouzwa pale hakikuwa uwezo wa kunyonya peke yake. Kotex ya kwanza ilikuwa kubwa na iliyojaa, bado ilifungwa kwenye mkanda, na bado ilivuja. Lakini ilimwondolea mwanamke beseni la maji mekundu na kamba ya nguo. Kwa mara ya kwanza, mfanyakazi wa ofisini Chicago aliweza kupitisha siku zake pasipo mtu kujua, hata dada aliyelala naye chumba kimoja.

Mkanda ulidumu nusu karne nyingine. Katika miaka ya 1950 Mary Beatrice Davidson Kenner, mvumbuzi Mmarekani Mweusi, alipata hataza ya mkanda unaorekebishika, wenye mfuko usiopitisha maji wa kushikilia pedi. Wazo lilikuwa kichwani mwake tangu ujana wake, lakini hakuwa na fedha za kulisajili. Kampuni moja iliuchangamkia mkanda huo hadi ilipogundua kwamba mwenyewe ni Mweusi, hapo ikanyamaza. Ule mfuko wake, sehemu inayonyonya ikikingwa na sehemu isiyopitisha maji, ni mpango uleule unaokutwa leo katika tabaka la pili na la tatu la chupi ya hedhi.

Kisha, mwishoni mwa miaka ya 1960, ikaja gundi. Pedi ikabandikwa moja kwa moja kwenye nguo ya ndani, na mkanda ukatupwa. Badiliko hilo dogo lilibeba sharti ambalo Marekani hakuna aliyelitilia maanani: ili pedi ishike, lazima uwe na chupi, tena inayobana vizuri. Sharti hilo lilipovuka bahari likawa kikwazo, na tutalirudia.

Tamponi, iliyopewa hataza Marekani mwaka 1933 na kuanza kuuzwa kwa wingi kwa jina la Tampax mwaka 1936, ilipanua soko la vitu vya kutupa. Mwaka 1980 soko hilo lilitikisika. Tamponi za Rely, za kampuni ya Procter & Gamble, zilihusishwa na ugonjwa wa sumu za bakteria uliowaua wanawake kadhaa, na Septemba ya mwaka huo zikaondolewa madukani. Hapo ndipo wanawake wengine wa Amerika ya Kaskazini walipoanza kukitazama tena kitambaa walichokiacha bibi zao. Mmoja wao alikuwa Madeleine Shaw wa Vancouver, Kanada, mbunifu wa mavazi ambaye tamponi zilimsumbua mwili. Mwaka 1993 alianza kushona Lunapads, pedi za kitambaa, pamoja na chupi zenye kitambaa cha kunyonya ndani yake. Ilikuwa biashara ndogo, ya wateja waliokwisha kushawishika.

Kutoka hapo uzi unafika Uganda. Mwaka 2010, Sophia na Paul Grinvalds walianzisha AFRIpads katika kijiji cha Kitengesa, wilaya ya Masaka, wakiwaajiri wanawake wa hapohapo kushona kwa cherehani pedi za kufua. Lunapads ya Vancouver ikawa mshirika: mauzo ya Kanada yalichangia pedi za wasichana wa Uganda. Miaka michache baadaye kampuni nyingine ikafuata njia hiyohiyo. Ilikuwa Thinx ya New York, iliyouza chupi za hedhi, nyingi kwa zaidi ya dola 30 moja, na mwaka 2015 ikazua gumzo kwa matangazo yake ndani ya treni za chini ya ardhi, yaliyoonyesha balungi lililokatwa nusu. Katika miaka yake ya mwanzo, sehemu ya mapato ya kila chupi ilikwenda kugharamia kazi ya AFRIpads.

Mpango mzuri, lakini una kichekesho chake. Mnunuzi wa New York alipata chupi isiyohitaji pedi. Msichana wa kijijini Uganda alipata pedi isiyofaa kitu bila chupi. Pedi ya kitambaa ina mabawa mawili yanayofungwa kwa kifungo chini ya chupi. Asiye na chupi ya maana anabaki na kitambaa kizuri mkononi. Na chupi si kitu cha kudhaniwa tu kwamba kipo. Katika masoko ya Afrika Mashariki nyingi zilikuja na mitumba, na Shirika la Viwango Tanzania limezipiga marufuku chupi za mitumba kwa sababu za kiafya, ingawa wauzaji wake hawajaisha. Marufuku yenyewe ina mantiki. Mwenye pesa ya kununua mpya hadhuriki nayo.

Walioiona adha ya pili, ile ya kufua na kuanika kwa kujificha, ni wale wa Days for Girls. Shirika hilo lilizaliwa mwaka 2008, baada ya machafuko ya uchaguzi wa Kenya, wakati Mmarekani Celeste Mergens alipoelezwa kwamba wasichana katika kituo cha yatima Nairobi hukaa vyumbani siku za hedhi, wakikalia vipande vya maboksi. Kwanza zilipelekwa pedi za kutupa. Zikaisha, na pa kuzitupa hapakuwepo. Zikashonwa za kitambaa, nyeupe, zenye umbo la pedi. Zilifuliwa, lakini nani angezianika?

Basi mafundi wakabadili mtindo kwa kusikiliza watumiaji. Rangi nyeupe ikaachwa, vikaja vitambaa vya maua na rangi nzito zisizoonyesha doa. Sehemu ya kunyonya ikatengwa na kishikizo chake, ikakatwa kwa namna ambayo, ikikunjwa, huwa pedi, na ikikunjuliwa, huwa mraba mmoja bapa unaofanana na kitambaa cha kujifutia uso. Unakauka upesi kwa kuwa ni mwembamba, na hautambuliki na mtu asiyeujua. Ndani ya mfuko wa vifaa wakatia pia sabuni, na chupi. Hakuna kemia mpya hapo, na kwa maoni ya mwandishi huyu ndio uvumbuzi mkubwa kuliko wa New York.

Maana chupi ya hedhi ya kisasa, pamoja na ustadi wake wote, imeirudisha kazi ya kufua pale ilipokuwa kabla ya 1920. Isuuzwe kwa maji baridi hadi maji yatoke meupe. Isitiwe dawa ya kulainisha nguo, kwa sababu mafuta yake huziba nyuzi na kuzizuia kunyonya. Isipigwe pasi. Ianikwe ikauke kabisa, na kwa unene wake inaweza kuchukua siku nzima, zaidi wakati wa masika. Mwenye chumba cha kupanga, bomba la pamoja na majirani sita, anajua hesabu hiyo inavyokwenda.

Haikosi doa lake pia. Mwaka 2020 Sierra, jarida la wanamazingira la Marekani, lilichapisha habari ya vipimo vilivyofanywa na mwanasayansi Graham Peaslee wa Chuo Kikuu cha Notre Dame, vikionyesha dalili za kemikali za PFAS katika chupi za Thinx. Kemikali hizo huchukua muda mrefu mno kuoza. Kampuni ilikana kufanya kosa, lakini ikakubali kumaliza kesi ya wateja kwa malipo yanayoweza kufika dola milioni 5. Mwaka 2022 hisa zake nyingi zilinunuliwa na Kimberly-Clark, walewale wa Kotex, ambao karne moja kabla walitajirika kwa kuwafundisha wanawake kutupa.

Serikali nazo zimekuwa zikipapasa. Uingereza iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye pedi na tamponi Januari 2021, lakini chupi za hedhi ziliendelea kutozwa asilimia 20, kwa hoja kwamba ni mavazi, hadi Januari 2024. Kenya iliifuta kodi hiyo kwenye pedi mapema zaidi, mwaka 2004. Tanzania iliifuta 2018, ikairudisha 2019, Waziri wa Fedha wa wakati huo, Philip Mpango, akieleza kwamba bei haikushuka na walionufaika ni wafanyabiashara. Juni 2017 Rais Uhuru Kenyatta alitia saini marekebisho ya Sheria ya Elimu ya Msingi, yanayoitaka serikali ya Kenya impe taulo za bure kila msichana wa shule ya umma aliyebalehe, pamoja na njia salama ya kuzitupa. Maji ya kufulia, chupi na mahali pa kuanika havikutajwa.