Udi (kifukizo)

Udi ni jina la ubao wenye harufu nzuri unaotokana na miti ya jenasi Aquilaria ya Asia, na pia la vifukizo vinavyotengenezwa kwa kuchanganya ubao huo, au badala yake, na viungo vingine. Neno limetoka katika Kiarabu, likiwa na maana ya "ubao". Ala ya muziki yenye nyuzi inayotumika katika taarab huitwa pia udi. Kifukizo hiki ni tofauti na ubani, ambao ni utomvu mkavu wa miti ya jenasi Boswellia.

Asili

Mti wenye afya una ubao mweupe usio na harufu ya maana. Ukijeruhiwa na kushambuliwa na kuvu, hutoa utomvu mweusi unaojaa ndani ya ubao. Sehemu hiyo ndiyo udi. Kwa kuwa haionekani kwa nje, wakataji huangusha miti mingi isiyo na kitu. Biashara ya spishi Aquilaria malaccensis inasimamiwa na mkataba wa CITES tangu 1995, na mwaka 2004 iliamuliwa jenasi nzima iingizwe.

Utengenezaji

Kwa sababu ubao halisi ni ghali, katika pwani ya Waswahili udi mwingi huchanganywa nyumbani, hasa na wanawake. Sukari huyeyushwa motoni, kisha hutiwa vipande au unga wa udi na msandali, marashi na mafuta ya manukato. Mchanganyiko ukipoa hukatwa au huviringwa kuwa vidonge. Katika maduka ya Kariakoo, Dar es Salaam, huuzwa pamoja na vyetezo, ubani na udi wa vijiti.

Matumizi

Kidonge huwekwa juu ya kaa la moto ndani ya chetezo. Moshi hufukiza nyumba, nguo na nywele. Udi hutumika katika harusi, Maulidi, sikukuu na kupokea wageni. Bibi harusi hufukizwa udi, hupakwa dalia, na huweza kuvaa kikuba, yaani kifungu kidogo cha majani na maua yenye harufu kama mrehani, asumini na mkadi.

Uhusiano na China

Nchini China, unga wa udi, msandali na karafuu huchanganywa na gundi na kufinyangwa kuwa shanga. Hutobolewa kabla ya kukauka, kisha hutungwa kwenye uzi. Hazichomwi: huvaliwa mkononi au hutumika kama tasbihi, na joto la mwili huamsha harufu yake. Kwa hiyo kazi yake inafanana zaidi na ya kikuba kuliko ya udi wa chetezo.

Afrika ya Mashariki ilichangia biashara hiyo ya manukato. Zhao Rugua, ofisa wa forodha wa Quanzhou, aliandika mwaka 1225 kuhusu Cengba, ambayo wataalamu wengi huihusisha na Zanzibar na pwani yake. Kati ya bidhaa zake alitaja pembe za ndovu, dhahabu, msandali wa manjano na ambari, kitu kinachotoka tumboni mwa nyangumi na kuthaminiwa sana na watengenezaji wa manukato.

Afya

Moshi wa udi, kama moshi mwingine, una chembe ndogo zinazoweza kudhuru mapafu, hasa ya wenye pumu. Inafaa kufungua madirisha wakati wa kufukiza.